Kiti cha Mbele Kipo Sebuleni

Nyumbani, 6 Januari

Kwa Mjomba wangu, mzee wa spana zote,

Shikamoo. Hapa kwetu sote ni wazima isipokuwa paa, ambalo limetoboka juu ya kitanda changu, si cha mwingine, nami nimelihesabu kuwa ni upendeleo. Mama, dada yako, hajambo. Bado anafua mashuka ya hospitali, na zamu za alfajiri zinamfanya asinzie na kijiko mkononi. Bibi hajambo, na ulimi wake haujambo zaidi. Amesema nikuandikie kwamba anakula, analala, na hana neno. Wewe ndiye mwanawe, unajua: mtu asiye na neno hatumi mtu kusema kwamba hana neno.

Mimi mpwa wako nimeshakuwa mwanamume, kama hujapata habari. Mwezi ujao natimiza miaka kumi na tisa. Shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani kabisa, kila mmoja akaona mwenzake hamfai. Sasa niko kwa fundi baiskeli pale kona. Yeye ndiye mwenye duka, mimi ndiye mwenye akili.

Haya, nifike kwenye lililonikalisha chini. Mjomba, gari lako nalitengeneza.

Usiitupe barua. Siku ile unaondoka nilikushika mkoba nikakuuliza utarudi lini. Ukalitazama gari lako jekundu pale uani, ukasema, "Likiwaka, nitarudi." Watu wazima walidhani unanitania. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nililichukua neno lako kama lilivyo. Nimelingoja gari liwake lenyewe miaka sita. Limegoma. Nimeona nilisaidie, maana kinachonikera si gari, ni kile kitanda chako kinachotandikwa kila Jumamosi na hakilaliwi.

Shida ni moja: gari limehamia ndani ya nyumba. Bibi hapendi kitu kikae bure. Mwaka wa kwanza alitoa kiti cha mbele, akakiweka sebuleni, ndicho anachokalia akisikiliza redio, na akitaka kusinzia anavuta ule mkono wa pembeni kinalala kabisa. Mwaka wa pili boneti ikawa paa la banda la kuku. Mlango wa nyuma wa kushoto ni geti la bustani ya mboga, Mjomba, nakuapia, na Bibi hushusha kioo akamwagia mchicha maji bila kuingia. Kioo cha pembeni Mama anakitumia kuchania nywele. Uani limebaki fupa tupu na injini.

Nikamwambia Bibi, "Mke wangu, nataka vitu vya Mjomba." Akasema, "Mume gani wewe, hata kitasa cha chooni kimekushinda." Kisha akanipa sheria. Sitoi kitu chochote mpaka nitengeneze cha badala yake, kiwekwe mahali pale pale, akitumie siku tatu. Siku tatu zikipita bila yeye kulalamika, kitu cha gari ni changu. Akilalamika, naanza upya.

Nimekubali. Nitumie maelekezo ya injini, mengine niachie mimi.

Mpwa wako,
Injinia wa Uani

*

Machimboni, 2 Februari

Mpwa wangu, Fundi Maneno,

Marahaba. Barua yako ilikaa ofisini wiki mbili kwa sababu juu ya bahasha umeandika "Mzee wa Spana" na karani ni mgeni. Siku nyingine andika chumba nambari kumi na nne.

Mimi mzima. Mashine ya kusaga kokoto imekula beringi mbili mwezi huu, nami imenila mgongo. Vumbi la hapa linaingia hata kwenye chai iliyofunikwa. Msalimie mama yako. Mwambie mama yangu salamu zake zimefika.

Kuhusu gari: acha. Mikono ikikuwasha, piga msasa bodi, paka rangi, fugeni kuku ndani. Injini usiiguse.

Lakini nakujua. Wewe ukikatazwa unadhani umeitwa. Kwa hiyo usije ukazungusha injini kavu ukaiua. Toa plagi zote nne, mimina oili kijiko kimoja kila tundu, iache wiki nzima. Kisha izungushe kwa mkono, taratibu. Ikigoma usitumie nguvu, ongeza oili, ngoja tena. Tangi la mafuta lioshe mara tatu, si mara mbili halafu useme tatu.

Lile neno nililokuambia siku naondoka lilikuwa mzaha wa kumtuliza mtoto. Usilijengee nyumba.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 21 Februari

Mjomba wa chumba kumi na nne,

Shikamoo tena. Mzaha wako nimeusoma, nimeukunja, nimeuweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unachezacheza. Meza imetulia. Ahsante.

Huku mvua za kwanza zimeanza na paa nimeziba mwenyewe kwa bati na lami. Sasa halivuji kwangu, linavuja kwa Mama. Nitalifuata mpaka litoke nje ya nyumba. Mama anakusalimu. Nilimuuliza kama ana la kukuambia, akasema, "Mwambie avae kitu puani, lile vumbi si zuri." Akaendelea kukunja nguo ileile iliyokwisha kukunjwa.

Sasa sikiliza kazi. Kiti cha kwanza nilichomtengenezea Bibi kilikuwa cha mbao nzito, kimepigwa randa kinang'aa. Alikikalia dakika kumi. Akasema, "Kiti hiki kinanisuta." Cha pili nilikiwekea mto, akasema mto una mawe. Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi cherehani wa mlango wa tatu, yule binti mwenye mkasi mdomoni, nikamwambia nataka mto wa kumfurahisha mwanamke mgumu. Akauliza, "Yupi, bibi yako au mimi?" Mjomba, nilisahau vipimo nilivyokuja navyo. Alinishonea mto wenye sufi na kamba nne za kufungia, na Bibi amekaa siku tatu, kimya, siku ya nne akaniita: "Chukua chuma chenu." Kiti cha mbele kimerudi kwenye gari!

Banda la kuku nimeezeka kwa bati. Kuku walikaa nje siku mbili, wamezoea paa jekundu, wakatushangaa kama tumewahamisha mtaa. Siku ya tatu mvua ikawaingiza. Boneti ninayo. Geti la bustani nimelitengeneza la mbao, na kwa kuwa Bibi aliulizia kioo cha kushusha kiko wapi, nimelikata dirisha katikati na kulipa kifuniko. Amelijaribu kwa kopo la maji. Hakusema ahsante, lakini alimwagia mchicha mara mbili.

Injini ilikaa na oili siku tisa, maana nilikuwa naogopa, sikufichi. Siku ya kumi nikaizungusha kwa mkono. Iligoma, nikangoja, nikaongeza, kesho yake ikazunguka laini kama inanijua. Nilipiga kelele, jirani yetu dereva mstaafu akaja mbio akidhani nimekatwa kidole. Yule mzee ndiye ananifundisha kuendesha, kwa pikapu yake, na kila nikibadili gia anafumba macho.

Sasa nina swali. Kwenye buti nimekuta bati la biskuti. Ndani mna waya za plagi, zote, zimeviringishwa ndani ya shati lako la kazi, zikafungwa mafundo mawili. Fundi hafungi waya hivyo. Hivyo ndivyo mtu anavyofunga kitu asichotaka kukiona. Nilimwonyesha Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Rudisha ulikokitoa," akaenda kulala saa saba mchana, yeye ambaye kulala mchana anasema ni kazi ya paka.

Mjomba, siku ile Babu alipofariki mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nikakuta viatu vingi mlangoni. Wiki moja baadaye na wewe ukaondoka. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani watoto hawaulizi. Sasa si mtoto. Nini kilitokea?

Injinia wa Uani, mwenye kiti

*

Machimboni, 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilichelewa kwa sababu ya kazi.

Nafurahi kusikia mama yangu amekubali kiti. Ni mtu mgumu kukalishwa. Mwambie dada yangu nimeanza kuvaa kitambaa puani.

Waya hizo kama hazijachanika zinafaa. Safisha vichwa vyake kwa msasa mwembamba. Plagi nunua mpya. Kabureta ifungue, ioshe kwa petroli, pulizia matundu yote kwa pampu ya baiskeli, unayo hapo dukani. Betri azima. Mpangilio wa waya kuanzia silinda ya mbele ni moja, mbili, nne, tatu. Usiwashe ukiwa peke yako, na kuku waondoe.

Huyo fundi cherehani asikutoe kwenye kazi.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 19 Aprili

Kwa Mjomba anayejibu maswali yote isipokuwa lile nililouliza,

Shikamoo. Mama amepandishwa, sasa ni msimamizi wa wafuaji, amepewa ufunguo wa stoo na anatembea nao shingoni hata Jumapili. Bibi anakohoa kidogo, si cha kukutisha. Fundi cherehani amenishonea vitambaa vya viti vyote bila mimi kuomba, nami nimetengeneza miguu ya meza yake bila yeye kuomba. Mimi si wa kujisifu, lakini meza ile sasa inaweza kubeba tembo.

Sasa kaa vizuri. Jumamosi iliyopita nilifunga kila kitu kama ulivyoandika. Barua yako nimeibandika ukutani, naifuata neno kwa neno: moja, mbili, nne, tatu. Dereva mstaafu ameleta betri. Mama amesimama na ndoo ya mchanga. Nikapiga stata.

Mjomba, lilipasuka mlio kama mtu kapiga debe na rungu! Moshi ukatoka kwenye kabureta, jogoo akaruka ukuta, mpaka leo hatujui alikokwenda. Nikajaribu tena. Likakohoa, likapasua, likazima. Mara ya tatu, ya nne. Dereva mstaafu akasema, "Kijana, rudi kwenye baiskeli, ile haina moshi."

Bibi alikuwa mlangoni. Lilipopasua mara ya kwanza alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sijapata kumwona hivyo maisha yangu yote. Akasema taratibu, "Ni ule ule mlio." Nikauliza, mlio gani? Akaingia ndani.

Basi nikakasirika. Mimi nikikasirika husafisha. Nilichukua brashi na mafuta ya taa nikaisugua injini upande mzima, ilikuwa na grisi nene kama uji uliolala. Chini ya ile grisi chuma kina maandishi, yamechongwa tangu kiwandani: moja, tatu, nne, mbili.

Nikasoma barua yako. Nikasoma chuma. Nikaenda kumwita dereva mstaafu naye asome, kwa sababu kidato cha pili hakiaminiki. Tukahamisha waya mbili tu, Mjomba. Nikapiga stata.

Limewaka! Limewaka mara moja, linanguruma taratibu, kikombe cha chai juu ya boneti hakimwagiki. Mama alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Fundi cherehani alitoka na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni akasema, "Kumbe wewe si maneno tu." Nimeiandika kauli hiyo pamoja na tarehe.

Sasa, mzee wa spana, wewe uliyefunga injini mia, unakoseaje mpangilio wa gari lako mwenyewe? Umezeeka, au ulitaka lisiwake? Kama ni uzee nitakuletea mkongojo. Kama ni la pili, niambie. Kwa vyovyote gari limewaka, na neno ni neno. Kitanda kimetandikwa. Njoo.

Mpwa wako,
Injinia, sasa bila "wa Uani"

*

Machimboni, 27 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ninayo tangu mwanzo wa mwezi. Nimeanza jibu mara nne.

Siku ile injini ilikuwa nimeifungua na kuifunga, zimebaki waya tu. Kazi ya dakika tano. Saa mbili asubuhi baba yangu alianza kubanwa kifua. Mama alikuwa amemshikilia pale mlangoni, amemvika koti, wananingoja. Nikaunganisha waya mbiombio. Nikapiga stata. Likapasua mlio, likakohoa, likazima.

Gari linalopasua kwenye kabureta, kitu cha kwanza unatazama waya. Nimewafundisha vijana watatu jambo hilo. Mimi nilifungua kabureta. Kisha pampu ya mafuta. Mama ananiita, nami nasema, "Bado kidogo." Nilisema bado kidogo kwa saa nzima. Mwishowe majirani wakamchukua kwa mkokoteni. Hakufika.

Baada ya mazishi nilifungua boneti nikaona nilivyokosea waya. Moja, mbili, nne, tatu. Kila mtu alidhani gari lilikuwa bovu, wakanipa pole ya gari bovu. Nikaipokea. Sikumwambia mtu, hata Mama. Hasa Mama.

Sikutaka lisiwake. Niliandika mpangilio ule nikiamini ni sahihi. Mkono wangu umeandika tena yale yale.

Umefanya kazi ambayo mafundi wakubwa wangeikimbia. Nakuambia hivyo kama fundi, si kama mjomba. Lakini kuja siwezi. Siwezi kukaa meza moja na mama yangu aniwekee chakula.

Barua hii usimsomee.

Mjomba wako

*

Njiani, 13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Uliandika nisimsomee Bibi. Sikumsomea. Nilimpa asome mwenyewe, miwani alikuwa nayo.

Aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Mama alikuwa karibu, naye akaipokea, akasoma amesimama. Kisha Bibi akaniuliza, "Gari linachukua watu wangapi?"

Nikasema wanne, watano tukibanana.

"Lipakie."

Nikamwambia Bibi, leseni nimeipata juzi tu, na ni mwendo wa siku mbili, na Mjomba amesema hawezi. Akasema, "Nimekuuliza anaweza nini?" Akaingia chumbani, akatoka na mkoba na koti lake zito. Akafungua mlango mwenyewe, akakaa mbele, akajifunga mkanda. Nikasema, "Mke wangu, tunaondoka kesho, sijajaza hata oili." Akasema jaza, yeye yupo. Alikaa pale mchana kutwa, akala chakula cha mchana humo humo, majirani wanapita wanamwamkia dirishani. Alishuka jua lilipozama, kwa masharti.

Sasa tuko kituo cha mafuta, Bibi, Mama na mimi, nusu ya safari. Tumetoka jana asubuhi, tumelala kwa binamu yake dereva mstaafu. Gari linakwenda. Kwenye milima linapumua kama mzee lakini halisimami. Naandika juu ya boneti, ni ya moto, ndiyo maana maandishi yanaruka. Hapa pana dereva wa lori anayekuja kupakia kokoto kwenu, atafika kabla yetu. Nampa barua hii akuletee mkononi. Bibi anataka niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisitie ya kwangu. Haya.

"Mwanangu. Nilikuona ile siku baada ya mazishi umesimama mbele ya hilo gari, umeshika waya. Sijui magari, lakini wewe nakujua tangu hujaota meno. Nilijua umekosea kitu. Nikasema nitangoja aniambie mwenyewe. Nikangoja. Kumbe na wewe ulikuwa unaningojea mimi nikufukuze. Tumekaa hivyo miaka sita, watu wazima wawili! Kama baba yako angepona, sijui. Daktari hakujua, nitajua mimi? Ninachojua ni kwamba siku zile walitoka wawili ndani ya nyumba yangu, na mmoja bado anapumua. Huyo ndiye ninayemfuata. Hujanitaka radhi na sijaja kuzichukua. Nimekuja kukuona umekonda kiasi gani."

Mwisho wa kunukuu. Nilitaka kutia neno langu moja, akaninyang'anya kalamu, ndiyo huo mkwaruzo hapo juu.

Tutafika kesho kabla ya saa sita mchana. Ukiamua kukimbia, shauri yako, lakini ujue dereva ni mimi, na Bibi amesema nisipunguze mwendo.

Mpwa wako

*

Machimboni, 14 Juni, saa tatu asubuhi
Kwa mlinzi wa geti la kwanza, ampe dereva wa gari jekundu

Usiingilie geti hili. Barabara yake ina mashimo, malori yameiharibu, utavunja springi na mama yangu ataumia mgongo. Nenda moja kwa moja mpaka geti la pili, la kijani, kisha shika kulia. Nenda polepole.

Nimesimama nje.